Mlima Elgon na ndugu wa pande mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nisahihishe makala yenu ya hivi karibuni iliyoutaja Mlima Elgon kuwa ni mlima wa Kenya. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda, na mpaka wa nchi hizo mbili unapita juu ya mlima wenyewe. Kosa hilo linarekebishika kwa mstari mmoja. Kilichonikera zaidi ni makala kuuchukulia mpaka huo kana kwamba ndio mwisho wa lugha moja na mwanzo wa nyingine.

Hapa Mwaloni Kirumba, ninakouza dagaa, niliwahi kuwaona mnunuzi wa Mbale, Uganda, na mwenzake wa Bungoma, Kenya, wasiojuana kabisa, wakibishana kwa Kiswahili mbele ya mizani yangu juu ya nani apimiwe kwanza. Yule wa Mbale aliponung'unika kwa Kigisu, mwenzake alimjibu papo hapo kwa Kibukusu, wakaangua kicheko, kisha wakaungana kunishusha bei bila mimi kuambulia neno. Jamii zote mbili humtaja Masaba kuwa babu yao, na zote hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wagisu huuita mlima huo kwa jina la babu huyo.

Upande wa kaskazini wapo Wasebei wa Kapchorwa, Uganda, na upande wa Kenya wapo Wasabaot, ambao nao wanasikilizana kwa lugha za jamii ya Kikalenjin, zisizo za Kibantu hata kidogo. Stephen Kiprotich alipotwaa dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, pale kibandani tulipokuwa tukitazama watu waliapa kwamba huyo ni Mkenya aliyevalishwa jezi ya Uganda, kwa sababu ya jina tu, kumbe kwao ni huko huko Kapchorwa.

Kabla ya Aprili 1902 mlima wote ulihesabiwa kuwa Uganda, ambayo mashariki ilifika hadi Naivasha. Waingereza walipolihamishia jimbo hilo la mashariki upande wa pili, yaani Kenya ya leo, watu waliamka wakiwa raia wa tawala mbili bila yeyote kuhama nyumba yake, jambo ambalo Wakurya wa Tarime, wenye ndugu zao ng'ambo ya mpaka, hawahitaji kuelezwa.

Ninachoomba ni kwamba kila mnapoutaja mlima huo mwandike Elgon na Masaba kwa pamoja, na nchi zote mbili zitajwe. Mwandishi wenu akitaka kusikia lugha hizo kwa masikio yake, aje Mwaloni asubuhi magari ya dagaa yanapopakiwa.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza