Tufundishwe kuanguka kabla ya kupigana

Mhariri,

Kila sanaa za mapigano zinapotajwa magazetini kwamba zinamfaa mtu wa kawaida, tunachosoma ni nidhamu, kujiamini na kujihami dhidi ya wahalifu. Hayo yana ukweli wake. Lakini wako watu wengi wanaofikisha miaka 70 bila kurushiana ngumi na yeyote, na hakuna anayefika huko bila kuteleza bafuni, kukosa kidato cha ngazi au kujikwaa kwenye zulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa miaka zaidi ya 60. Miongoni mwa vifo vya ajali, ni barabara tu zinazoua watu wengi zaidi. Kwa hiyo naomba nafasi nilitetee somo la kwanza la judo, jujitsu na aikido, sanaa za mapigano za Kijapani, somo linaloitwa ukemi, yaani kuanguka salama. Ndilo lenye faida kubwa kuliko yote nje ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, na ndilo linalopitiwa harakaharaka kuliko yote ndani yake.

Mwili usiofunzwa ukikosa mizani hufanya mambo mawili mabaya. Kwanza, mkono hunyooka kuzuia ardhi. Uzito wote hushukia kwenye kiganja kimoja, na kifundo cha mkono huvunjika, au nguvu hupanda hadi kwenye kiwiko na bega. Pili, shingo hulegea na kisogo hugonga sakafu. Mazoezi ya ukemi yanalenga kuzifuta tabia hizo mbili na kuweka nyingine mahali pake, na tabia haifutwi kwa maelezo. Inafutwa kwa kurudia.

Kuanguka kwa nyuma hufundishwa kuanzia chini kwenda juu. Mwanafunzi hulala chali kwenye mkeka, anaingiza kidevu kifuani na kukaza macho kwenye fundo la mkanda wake. Kichwa hakigusi mkeka kamwe. Mikono anaikunja kifuani, kisha anaipiga chini kwa pamoja, viganja vikiangalia mkeka, kila mkono ukiwa umeachana na ubavu kwa nyuzi kama 30 hadi 45. Ukiwa wazi mno, kufikia usawa wa bega, bega ndilo litakaloumia. Ukiwa karibu mno, mwili utaulalia. Kiganja na mkono wote hadi kiwiko vifike chini kwa wakati mmoja, maana kiwiko kikitangulia peke yake kitapasuka. Pumzi itoke wakati wa kugonga, na meno yafungwe ili ulimi usiumwe. Hilo likikaa, anaanza kuanguka kutoka mkao wa kuketi, halafu wa kuchutama, na mwisho kabisa wa kusimama. Mara 20 kila kipindi, kwa majuma kadhaa, si nyingi. Asiyeweza kuanguka akiwa amechutama bila kichwa kuyumba asianze kuanguka akiwa amesimama, hata awe kijana mwenye nguvu kiasi gani.

Hii si tahadhari ya kupamba maneno. Nchini Japani, kati ya mwaka 1983 na 2011, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki katika judo ya shuleni. Wengi wao walikuwa wapya, na wengi walikufa kwa majeraha ya kichwa, hasa baada ya mitupo ya kwenda nyuma kama osotogari, ambapo mguu wa mpinzani hufyekwa kwa nyuma ili aanguke chali. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu na mishipa ya damu hukatika hata pale kichwa kisipogonga kwa kishindo. Mwalimu anayemrusha mgeni katika juma la kwanza ili kuwafurahisha watazamaji anacheza na maisha ya mtoto wa mtu.

Kuna jambo ambalo walimu wengi husahau kuwaambia wanafunzi wao: mtaani hakuna mkeka. Kule kupiga mkono kunakosikika kote ukumbini kumetengenezwa kwa ajili ya mkeka wenye unene wa sentimita 4 au 5. Kwenye saruji, ukiupiga mkono kwa nguvu zote utaumiza mifupa ya kiganja. Kinachohamia mtaani ni mengine manne: kidevu kifuani, magoti kukunjwa mara moja ili nyonga ishuke na isianguke kutoka juu, mwili kugeuzwa upande upokelewe na nyama ya tako na paja, na mgongo kupindwa ili mwendo uishie katika kubiringika. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa anayeanguka upande kwa kubiringika namna hii hupunguza nguvu inayoigonga nyonga kwa zaidi ya robo, hata asipoupiga mkono chini. Kwa mzee, hiyo robo inaweza kuwa tofauti kati ya alama ya bluu na nyonga iliyovunjika.

Ukibiringika, njia ni ya mshazari: kutoka bega moja kuvuka mgongo hadi nyonga ya upande wa pili. Usipite juu ya shingo wala kuufuata uti wa mgongo. Na ulichobeba kiachie. Watu huvunjika mikono kwa kung'ang'ania simu au sahani.

Kuanguka kwa mbele ni kugumu zaidi kwa sababu uso uko hatarini. Mikono hukunjwa mbele ya kifua, ikapokea ardhi kwa pamoja kuanzia viganja hadi viwiko, uso ukigeuzwa pembeni. Kwenye mkeka magoti huachwa hewani. Mtaani yakigusa, yaguse. Muhimu ni meno na pua.

Dojo hufundisha pia namna ya kutofikia kuanguka. Hatua za judo ni fupi, nyayo hazinyanyuki sana na magoti hayakakamai. Mwendo huo huo unafaa kwenye sakafu yenye maji: hatua fupi, unyayo wote chini, uzito juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Kwenye ngazi, mkono mmoja ubaki huru daima.

Wazee nao hawapaswi kuachwa nje. Nchini Uholanzi yapo mafunzo yao yanayotumia mbinu hizi hizi, kwenye magodoro manene na kuanzia mkao wa chini. Mzee anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea, miguu hudhoofu, na hatari anayoikimbia huongezeka. Anapozoea kugusana na sakafu kwa utaratibu, hofu hupungua na mwili haukakamai. Hata hivyo, mwenye mifupa iliyodhoofu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kizunguzungu, mjamzito au aliyebadilishiwa nyonga asianze kabla ya kuonana na daktari. Huyo afundishwe kwanza kuinuka: ageuke ubavu, apige magoti akiegemea mikono, ashike kiti kisichosogea, atangulize mguu wenye nguvu, kisha ajisukume juu taratibu.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni kwamba ukemi upimwe katika kila mtihani wa mkanda, wa chini hadi wa juu, na kila klabu itenge kipindi kimoja kwa juma kwa watu wasiotaka kupigana kabisa, bila kuwadai sare wala mkanda. Vinavyohitajika ni mikeka, kiti imara na mwalimu mwenye subira.

Mwalimu wa judo