YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAWA MLIYOIACHA KWENYE BROMELIA NILIYOUZIWA

Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa nimejilazimisha. Jumamosi nilisimama kaunta kwenu huku mbwa wangu, Simba, yuko kwenye gari, udenda unamtiririka, miguu inatetemeka. Daktari wa mifugo alikuwa kwenye simu anataka kitu kimoja tu: jina la dawa iliyowekwa kwenye mmea. Kijana wenu akaniambia, "Mama, bila risiti hatutoi taarifa za bidhaa."

Bromelia yenyewe siilaumu. Ni ukoo mmoja na nanasi, haina sumu kwa mbwa, na hata ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, inaitaja kwenye orodha yao ya mimea isiyo na sumu. Siku ya kununua niliuliza waziwazi kama inafaa kwa nyumba yenye mbwa. Dada wa mauzo akajibu, "Hata akiitafuna haina neno." Majani kweli hayana neno. Shida iko katikati, pale majani yanapokutana na kufanya kikombe cha maji. Mbwa mwenye kiu akiona maji, anakunywa. Nilipoinamisha chungu zilimwagika chenga nyeupe zilizolainika, zinanuka kama dawa ya mende. Mimi nilitia maji ya bomba tu, kama mlivyonielekeza.

Narudi kaunta, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Nilimwonyesha kijana lebo yenu kwenye chungu. Nikamwonyesha muamala kwenye simu. Akasema msimamizi ameenda kula. Simba alishatapika kiti cha nyuma, namsikia anakoroma. Mama mmoja aliyekuja kununua mbolea ndiye aliyesema, "Mpe basi jina, mnyama anakufa." Kijana wenu akajibu, "Ni mbwa tu, mama." Mbwa tu! Dakika ishirini nilisimama pale, na jina la dawa sikupewa. Daktari akatibu kwa kukisia dalili. Simba alilala kwenye dripu usiku mbili.

Nilipoanza kuandika nilitaka gharama za matibabu tu. Sasa nataka na jina la dawa hiyo kwa maandishi, na kijana yule aniombe radhi mbele yako, na kila bromelia iliyopo dukani imwagwe maji ya katikati, isafishwe na iandikwe imewekewa nini kabla haijauzwa kwa mwenye mbwa, paka au mtoto anayetambaa.

Nawapa siku 7. Zikipita kimya, barua hii inakwenda Tume ya Ushindani, na nakala Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na chenga zenyewe. Nimezihifadhi kwenye kopo, nimelifunga.

Risiti nimeipata kwenye mfuko wa gauni. Nakala yake nimeiambatanisha.

Mteja wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam