Beki wa hoki haivi kwa msimu mmoja

Ndugu Mhariri,

Mashabiki wa hoki ya barafuni wanaomzomea beki wa miaka 20 wana haraka mno. Kijana aliyekulia kwenye viwanja vya Ulaya vyenye upana wa mita 30 akifika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, anakuta kama 26 tu, na mshambuliaji anamfikia kabla hajainua kichwa. Kasoro yake mara nyingi si mikono, ni shingo: hatazami nyuma ya bega kabla ya kuokota kisahani (ndicho mpira wa hoki hii) kwenye kona, basi anakibamiza ovyo kwenye ukuta unaozunguka uwanja na kumpa mpinzani. Hilo hurekebishwa kwa kucheza dakika nyingi ligi ya chini, si kwa kusugua benchi ligi kuu. Beki Zdeno Chara wa Slovakia alichaguliwa na timu ya NHL mwaka 1996. Tuzo ya Norris, ya beki bora, aliipata 2009.