YAH: Pampu haijachoka, shida ni tanki mlilonifungia

Habari za kazi huko huduma kwa wateja,

Hii ni mara ya nne nawatafuta na safari hii naandika kwa kirefu, maana kwenye simu nikianza tu kueleza naambiwa subiri nikuunganishe na mafundi, halafu muziki mpaka salio linakata. Nyie ndo mlinifungia mfumo mzima wa maji ya kisima, pampu ya kuzama, tanki la presha, swichi inayowasha na kuzima pampu kwa presha, geji, kila kitu, miezi nane iliyopita. Waranti ni mwaka mmoja na karatasi ninayo.

Shida ilianza kidogo kidogo, bafuni maji yanachuruzika tu, na mtu akifungua koki ya jikoni we ulioko bafuni unabaki na povu kichwani. Fundi wenu wa kwanza akafungua filta, ikakutwa imejaa tope, akabadilisha, maji yakarudi vizuri. Huyo sina neno naye.

Wa pili ndo alikoroga. Presha ilishuka tena kidogo, yeye hakupima chochote, alifungua kifuniko cha swichi akakaza ile nati kubwa ya springi, pampu ikatoka kuwaka kwenye psi 30 (psi ni kipimo cha presha) na kuzima 50, ikawa inawaka 40 inazima 60, akasema tayari mzee, akaondoka. Sasa jamani, ukipandisha swichi si lazima upandishe na upepo wa kwenye tanki? Upepo unatakiwa uwe psi 2 chini ya pale pampu inapowaka, yaani ilitakiwa 38, na unapimwa pampu imezimwa na maji yote yametolewa. Hakugusa. Lile puto la mpira ndani ya tanki, linalotenganisha maji na upepo, likawa linavutwa kupita kiasi kila siku, kwa hiyo si ajabu kilichofuata.

Kilichofuata ni pampu kuwaka na kuzima kama taa ya indiketa. Nafungua koki moja tu, swichi tak, sekunde tatu geji imefika 60, tak imezima, sekunde chache tena imewaka, na maji yanakuja kwa nguvu yanalegea, yanakuja yanalegea. Usiku ndo mbaya zaidi, naisikia kutoka kitandani.

Akaja wa tatu, hata mkoba hakufungua, akasikiliza kidogo akasema pampu imechoka nunua mpya. Hivi pampu iliyochoka inafikaje 60 kwa sekunde tatu na koki iko wazi?

Alivyoondoka nikajaribu mwenyewe. Juu ya tanki kuna kivalvu kama cha tairi la gari, nikakibonyeza kwa ncha ya bisibisi nikitegemea upepo, yakaruka maji yenye kutu mpaka usoni. Maji yakitoka pale maana yake puto limechanika, hilo halina mjadala. Nikagonga tanki kwa kidole kuanzia chini mpaka juu, mlio ni mzito kote, limejaa maji tupu.

Halafu kuna la pili ambalo hakuna fundi wenu aliyeligusa. Nilizima breka ya umeme wa pampu ikiwa imefika 60, nikafunga na valvu ya kupeleka maji ndani ya nyumba, geji ikaendelea kushuka tu mpaka chini. Kama nyumba imefungwa na presha inashuka basi maji yanarudi kisimani, aidha nonriteni valvu (ile inayozuia maji yasirudi nyuma) haishiki au bomba la kule linavuja. Hiyo inaiwasha pampu hata tukiwa tumelala.

Kwa hiyo pampu mpya sinunui. Nataka tanki libadilishwe kwa waranti, upepo upimwe mbele yangu kwa geji, nonriteni na bomba la kisimani vikaguliwe, na hela ya ujio wa fundi wa pili na wa tatu nirudishiwe. Na swichi muiangalie pia, kontakti zake, yaani vile vichuma vinavyogusana kupitisha umeme, zimeshaanza kuwa nyeusi kwa huko kuwaka na kuzima. Huko kuwaka ovyo ndo kunaua mota, kwa hiyo pampu ikifa kabla hamjaja itakuwa juu yenu, tarehe zote nilizowapigia nimeziandika.

Kwa sasa breka nawasha asubuhi na jioni tu, tunajaza ndoo, nazima. Mje wiki hii, na huyo atakayekuja aje na kipima upepo, hata kile cha matairi kinatosha.

Mteja wenu