Kipigo si siri ya ndoa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu vipigo majumbani. Huku kwetu Makorora, Tanga, mwanamke akipigwa huambiwa arudi kwa mumewe avumilie, ilhali Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Wala hawaumii wawili tu. Mimi ni mwalimu. Ninaye mtoto darasani anayejikunyata kila kiti kinapoburutwa, na Jumatatu husinzia mpaka mapumziko. Tukamwita mvivu (nami nilimwita hivyo).

Wajumbe, masheikh na mapadri wanaoketisha suluhu wamsindikize kwanza aliyeumizwa hadi dawati la jinsia na watoto polisi, apewe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), atibiwe. Suluhu, kama ipo, ingoje.

Mwalimu,
Makorora, Tanga