Vile vitambaa vya kudarizi havikuwa mchezo

Mhariri,

Kwenye toleo lenu la wiki iliyopita mwandishi kasema vile vitambaa vya mazoezi ya kushona herufi na picha walivyodarizi watoto wa kike wa Uingereza zamani ni kazi ya mabinti waliokuwa wanapoteza muda tu. Jamani, hapo napinga. Ni kweli wapo watoto wa matajiri waliodarizi maua na nyumba ili baba aweke fremu sebuleni wageni waone, hilo sikatai, ila wengi hiyo ndo ilikuwa ajira yao ya kesho.

Nyumba kubwa enzi hizo mashuka na taulo zote zinatiwa alama ya herufi na namba kwa uzi, ili zikienda kufuliwa zisipotee na zitumike kwa zamu, kwa hiyo binti anayejua kushona alfabeti vizuri ana nafasi ya kupata kazi za ndani. Angalieni vile vya yatima wa kituo cha mhubiri George Müller kule Bristol, Uingereza, karne ya 19, alfabeti juu ya alfabeti kwa uzi mwekundu, hakuna hata ua moja la maana na herufi nyingine ni ndogo mpaka macho yanakuuma wewe unayetazama tu. Kile ndo kilikuwa cheti chao.

Halafu kuna binti mmoja wa Uingereza, Elizabeth Parker, ambaye mwandishi wenu hakumgusa kabisa. Kitambaa chake cha mwaka 1830 hivi kipo makumbusho ya Victoria and Albert (V&A) London, hakina picha hata moja, ni maneno tu mwanzo mwisho, mishono ya msalaba, uzi mwekundu kwenye kitani. Anaanza kwa kusema hawezi kuandika (halafu anaandika mamia ya maneno!), anaeleza alivyoenda kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 13, mabosi walivyomtesa, mpaka akafikiria kujiua, anauliza roho yake itakuwaje na sentensi inakatikia hapo hapo, kitambaa kilichobaki ni kitupu. Baadaye akawa mwalimu, akafariki 1889. Sasa huo ni mchezo gani?

Na sio Ulaya tu. Sierra Leone shule za wamisionari, miaka ya 1820 mpaka 1840, mabinti walidarizi hivyo hivyo na vitambaa vikatumwa kwa wafadhili Ulaya waone pesa yao inafanya nini, na kati ya hao mabinti wapo waliotolewa kwenye meli za watumwa.

Kingine, picha ya kitambaa mliyotoa na ile makala mmeikata chini. Pale chini mara nyingi ndo binti anaposhona jina lake, umri na mwaka, tena wengine walipokuwa watu wazima walifumua mwaka ili umri usijulikane, wanawake bwana! Naomba mrudie picha nzima, na jina la binti aliyekishona muliandike kwenye maelezo.

Msomaji wenu wa kila wiki