Mhariri, nambari 11 naye alicheza

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua. Miaka 19 nimelisoma gazeti lako kwa kuanzia nyuma, kwenye michezo, na likiniudhi huguna peke yangu, nikalikunja, yakaisha. Lakini ripoti yenu ya Jumatatu ya ile mechi ya kimataifa ya mpira wa kikapu, wasichana wa chini ya miaka 16, yenye kichwa kinene "Nyota azaliwa", imenikwama kooni.

Unaikumbuka. Picha ya robo ukurasa, pointi 24 kwa wino mwekundu, na chini yake majina na pointi, basi. Msichana aliyevaa nambari 11 mmempa tarakimu moja tu: 4. Ndani ya habari yenyewe hayumo kabisa, labda kama ni mmoja wa hao "wenzake waliomuunga mkono".

Ninalo jedwali kamili la mechi ile, lile wanalogawiwa makocha na waandishi baada ya filimbi ya mwisho. Mwandishi wako naye alipewa. Nilimwona akijipepea nalo. Huyo nyota alitupa mara 28, zikaingia 8. Za pointi mbili 6 kati ya 19, za pointi tatu 2 kati ya 9, mitupo huru 6 kati ya 8. Mpira aliupoteza mara 6. Simsemi mtoto vibaya. Kutupa mara 28 mbele ya umati ule kunataka moyo, na wengi wa rika lake wangekwisha jificha. Ninachosema ni kwamba mstari una safu nyingi na ninyi mmesoma moja. Nambari 11 alicheza dakika 34 na sekunde 12. Ribaundi 13, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa, asisti 7, yaani pasi zilizozaa kikapu, mipira aliyopora 3, aliyopoteza 1. Alitupa mara 5, zikaingia 2. Sasa chukua ile hesabu ya ufanisi ambayo hata mtoto wa shule anaiweza: jumlisha pointi, ribaundi, asisti, mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa, kisha toa mitupo iliyokosa, hata ile huru, na mipira iliyopotezwa. Nyota wenu, pamoja na ribaundi zake 3, asisti 1 na mpira mmoja aliopora, anabaki na 1. Moja, Mhariri! Nambari 11 ana 23. Timu ilishinda kwa pointi 3, lakini kwa muda wote aliokuwa uwanjani ilikuwa imewazidi wapinzani kwa 14. Maana yake katika zile dakika 5 na sekunde 48 alizokaa benchi, wenzake walizidiwa kwa 11. (Najua, hesabu hii ya mwisho kwa mechi moja hudanganya. Mtu anaweza kuivuna kwa kuingia tu wakati mwenzake anawaka moto. Ila ribaundi 13 huzivuni kwa bahati.)

Hasira hii ina mizizi. Nilikuwa karani wa meza ya takwimu. Kazi yenyewe ni ya watu wawili: mmoja macho uwanjani anatamka, mwingine anaandika bila kuinua kichwa. "Kumi na mbili, katupa, kakosa. Tisa, ribaundi ya ulinzi. Tisa, asisti. Saba, ndani." Hivyo hivyo robo nne za dakika kumi kumi, mpaka koo likauke na mwenzako aanze kukupiga teke chini ya meza kwa sababu umemtajia nambari ya mtu aliye benchi. Asubuhi moja, baada ya mechi ya kimataifa ya vijana, binti mmoja alinifuata ukumbini. Mkononi ana gazeti limekunjwa mara nne, dole gumba limebana mahali penye jina lake, na mbele ya jina, sifuri. Hakunisalimia hata. Akauliza, "Mzee, jana hukuniandika?" Alidhani kosa ni langu! Nikatoa nakala yangu mkobani, nikampitisha kidole kwenye mstari wake: dakika 26, ribaundi 9, na yule aliyekuwa akimkaba alitoka na mitupo 3 kati ya 14. Binti akaomba kalamu, akaandika hiyo 9 kiganjani, akafunga ngumi, akaenda zake. Mimi nikabaki na lawama ya kazi niliyoifanya vizuri, na aliyeifuta ameketi ofisini anakunywa chai.

Msiniambie nafasi ya gazeti ni finyu. Zamani kulikuwa na udhuru wa kweli. Bill Russell alistaafu mwaka 1969 akiwa na ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara 11, mzuiaji ambaye washambuliaji walimwogopa kama radi, na kumbukumbu rasmi za ligi hazina hata mtupo mmoja aliouzuia, kwa sababu NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa msimu wa 1973/74. Hapo tunasema sawa, hakukuwa na aliyehesabu. Leo kuna watu wamekaa mezani jasho likiwatoka, wamehesabu kila kitu, wamewakabidhi karatasi mkononi, na ninyi mnaigeuza kipepeo cha kujipepea.

Na nikiwa bado nimeketi, hao watangazaji wa mechi nao! Wanapiga kelele "asisti!" kila mpira ukipita mikono miwili, hata kama aliyepokea alidunda mpaka akachoka ndipo akafunga. Halafu pasi ikimfikia mtu chini ya kikapu, akachezewa faulo akitupa, akaingiza mtupo huru mmoja, wananyamaza, kumbe kwa taratibu za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, pale ndipo mtoa pasi anapoandikiwa asisti yake. Picha nazo ni balaa jingine. Enzi zetu jezi za mashindano ya kimataifa zilikuwa nambari 4 hadi 15, na mhariri wa picha alikuwa na vidole vya kutosha. Sasa wanaruhusiwa hadi 99, na maelezo ya picha yamekuwa bahati nasibu: Jumatatu hiyo hiyo mmeweka jina la nyota wenu chini ya mgongo wa mchezaji wa timu pinzani.

Pendekezo langu. Ukurasa wa burudani mna utabiri wa nyota, visanduku kumi na viwili. Ondoeni Kaa na Nge. Mimi mwenyewe ni Nge, na sitalalamika. Kwa miaka 19 mmeniahidi safari sijaiona. Sehemu hiyo inatosha kabisa safu tano: dakika, mitupo iliyoingia kwa iliyotupwa, ribaundi, asisti, mipira iliyopotezwa. Kisha mpeni kijana yeyote wa mafunzo penseli, ajumlishe safu ya dakika kabla ukurasa haujaenda mtamboni. Kama mechi haikwenda muda wa ziada, lazima apate 200 kwa kila timu, wachezaji watano mara dakika 40. Akipata 187, arudi mezani. Akipata 213, arudi mezani akiwa amekunywa maji.

Ni mimi,
Karani mstaafu wa meza ya takwimu

Nyongeza: Ile safu moja ya pointi mliyoona inafaa kuchapishwa, nimeijumlisha mara tatu. Inatoa 63. Matokeo mliyoyaandika juu yake ni 61 kwa 58.